Bosi pasua kichwa: umzoee, umweleze, umlalamikie kwa barua au uache kazi?

Mfanyakazi aliyechoshwa na bosi hupewa ushauri wa aina mbili, na mara nyingi wanaoutoa ni watu wasiomlipia kodi ya nyumba: vumilia, au acha kazi. Kati ya hayo mawili kuna mengi. Hapa tunalinganisha njia nne: kubaki na kubadilisha namna ya kufanya naye kazi, kumweleza ana kwa ana, kupeleka lalamiko la maandishi, na kuondoka.

Maelezo ya kisheria humu ni ya mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007. Zanzibar ina sheria zake. Mtumishi wa umma hupitia kwanza ngazi za utumishi hadi Tume ya Utumishi wa Umma. Njia mbili za kwanza hazina mpaka, zinamfaa hata aliye Mombasa au Kampala.

Kabla ya kuchagua: ni bosi wa namna gani?

Bosi mkali si lazima awe bosi mbaya. Wapo wanaofoka kwa sababu ya mkaguzi aliyeko njiani, na ripoti ikitoka wanatulia. Wapo wavurugaji: asubuhi wanataka hili, mchana lile, jioni wanauliza la jana. Wapo wanaochukua kazi yako na kuiwasilisha kwa jina lao. Hao wote ni tatizo la namna ya kufanya kazi, na sheria haina dawa kubwa kwao. Hakuna ofisi ya serikali itakayomwamuru mtu awe na adabu.

Kundi la pili ni la bosi anayevunja sheria. Anakunyima likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anakufanyisha kazi zaidi ya saa 45 kwa wiki bila malipo ya ziada, ilhali saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu na hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. (Mameneja wenyewe hawamo katika kanuni hizi za saa, kwa hiyo angalia cheo chako kabla ya kudai.) Anakunyanyasa kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ujauzito au ulemavu, na hapo sheria inauhesabu unyanyasaji huo kuwa ubaguzi. Au anataka ngono ili akupandishe cheo.

Ukikosea hapa, utakosea na njia. Mwenye bosi mvurugaji akikimbilia barua ya malalamiko huonekana mtoto. Mwenye bosi anayemshika mwili akishauriwa aongee naye vizuri anatumwa kwenye hatari.

Vipimo

Kila njia tumeipima kwa maswali yaleyale: inafanyikaje, inachukua muda na fedha kiasi gani, inataka ushahidi gani, huharibika wapi, na inamfaa nani. Kuna swali moja linalopita katikati ya yote: ukishaianza, unaweza kurudi nyuma? Njia mbili za mwanzo zinaacha milango yote wazi. Barua inafunga mlango wa urafiki. Kujiuzulu, kukifanywa ovyo, kunafunga hata milango ya sheria ambayo hukujua kuwa ilikuwapo.

Na chochote utakachochagua, anza na daftari. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe yaliyosemwa (si “alinitukana” bali tusi lenyewe), waliokuwepo, na kilichofuata. Likae nyumbani. Kompyuta ya ofisi ni ya ofisi, na siku ukisimamishwa kazi hutaigusa tena. Mkataba wako, hati zako za mshahara na barua ulizoandikiwa, weka nakala nyumbani. Lakini usijitumie orodha ya wateja au hesabu za kampuni kwenye barua pepe binafsi ukisema ni ushahidi: huo ni utovu wa nidhamu, na utakuwa umempa bosi sababu aliyokuwa anaitafuta.

Njia ya kwanza: kubaki na kubadilisha mnavyofanya kazi

*Inavyofanyika.* Kila agizo la mdomo lifuatwe na ujumbe mfupi: “Bosi, nathibitisha tulivyokubaliana: ripoti ya mauzo iwe mezani kwako Alhamisi saa nane mchana, bila takwimu za tawi la Mbagala. Kama nimekosea mahali naomba unisahihishe.” Ujumbe huo unamlazimisha mvurugaji aamue, na unabaki kama kumbukumbu bila kuonekana mtego. Akikurundikia kazi tatu za haraka, usiseme haiwezekani. Mrudishie uamuzi: “Nikianza na hii, ile ya benki itafika Ijumaa. Nianze na ipi, mkuu?” Kwa bosi anayetaka kujua kila kitu, mtangulie: mistari mitano kila asubuhi kabla ya saa tatu, yaliyokamilika, yanayoendelea, yaliyokwama. Wengi wa aina hii husumbua kwa hofu ya kuulizwa na aliye juu yao wakakosa jibu.

Kwa anayejisifia kazi yako, tuma rasimu kwa barua pepe, yeye na wahusika wengine wakiwemo tangu hatua ya mwanzo, kazi ikiwa bado inajengwa. Baadaye ni vigumu kudai kilicho chako bila kuonekana unagombea sifa.

*Muda na gharama.* Haina gharama ya fedha. Ipe wiki sita hadi nane kabla ya kuamua kama imefanya kazi.

*Ushahidi.* Hauhitajiki, ila unajikusanya wenyewe.

*Inapoharibika.* Unapoigeuza kuwa uvumilivu usio na mwisho. Dalili ni za mwili: usingizi kupotea Jumapili usiku, tumbo kuuma kila simu yake inapoita. Hapo muone daktari. Likizo ya ugonjwa ipo kisheria, hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari.

*Inamfaa* aliye na bosi mvurugaji, mwenye hofu au mbinafsi. Aliye katika miezi ya kwanza ya kazi. Na anayejua kwamba bosi huyo atahamishwa au kustaafu karibuni. Haimfai anayetukanwa.

Njia ya pili: kumweleza ana kwa ana

*Inavyofanyika.* Omba dakika ishirini mapema, na taja kuwa ni jambo la kazi. Epuka Jumatatu asubuhi, siku za kufunga hesabu za mwezi, na mbele ya mtu yeyote wa chini yake. Beba jambo moja tu. Ukiingia na orodha ya kumi, atajitetea kwa lile dogo kuliko yote na mazungumzo yataishia hapo.

Heshima yetu ya kawaida inasaidia, kama unamwamkia shikamoo siku zote mwamkie na leo. Tatizo ni pale ombi linapozama ndani ya heshima: mtu anazunguka dakika kumi na tano, anaomba radhi mara tatu, anatoka bosi akiwa hajui alichoombwa. Taja tukio, si tabia, kisha omba kitu kinachotekelezeka:

“Mkuu, Jumanne kwenye kikao ulisema mbele ya wenzangu kuwa ripoti yangu ni ya hovyo. Makosa yalikuwepo na nimeyarekebisha. Naomba makosa yangu uniambie ofisini kwako, nitayafanyia kazi haraka zaidi.”

Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kuendelea kuongea mpaka wanalifuta ombi wenyewe. Akikubali, jioni hiyo tuma ujumbe wa kushukuru unaorudia mlichokubaliana.

*Muda na gharama.* Siku moja, na wiki mbili tatu za kuangalia kama amebadilika.

*Ushahidi.* Tukio moja lenye tarehe linatosha. Usimwonyeshe daftari.

*Inapoharibika.* Kwa bosi wa visasi: baada ya siku chache unapata barua ya onyo kwa kosa ambalo wiki iliyopita halikuwa kosa. Onyo lolote lijibu kwa maandishi, hata kwa mistari minne, maana onyo lisilojibiwa husomwa baadaye kama kosa lililokubaliwa. Kinachoweza kupunguza hatari hiyo ni kumtanguliza mpatanishi wa ofisini. Ofisi zetu zina “mzee” au “mama” ambaye bosi humsikiliza, na kumtumia ni busara, mradi awe mtu asiyefikisha maneno na chumvi.

*Inamfaa* mwenye bosi mkali lakini mwelewa, hasa anayefoka kwa wote bila kubagua, na mwenye kazi inayotegemewa. Usiitumie kwa unyanyasaji wa kingono wala kwa bosi anayekutaka ughushi hesabu. Huyo ukimweleza unamwonya aanze kufuta nyayo.

Njia ya tatu: lalamiko la maandishi

Hii ndiyo njia inayoogopwa kuliko zote na inayofanywa vibaya kuliko zote.

*Inavyofanyika.* Soma kwanza kitabu cha kanuni za kampuni au mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri), uone lalamiko linaanzia kwa nani. Pasipo utaratibu, andika kwa aliye juu ya bosi wako na kwa HR, idara ya rasilimali watu. Ukurasa mmoja, usizidi miwili. Kichwa cha “Yah:” kitaje jambo, si jina la mtu. Aya ya kwanza ieleze wewe ni nani na upo chini ya nani. Kisha matukio matatu hadi matano, kila moja na tarehe na mashahidi. Kisha ulichokwishafanya kulitatua. Mwisho unachoomba: kuhamishiwa kitengo kingine, kikao cha usuluhishi, kulipwa saa zako za ziada, uchunguzi. Barua isiyoomba kitu hujibiwa kwa “tumepokea na tunalifanyia kazi”.

Chapa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Wakikataa kugonga, itume siku hiyohiyo kwa barua pepe.

Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, TUICO kwa viwanda, biashara na fedha, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, mpelekee nakala kiongozi wa tawi. Anaweza kukusindikiza kwenye kikao, na sauti yake haimtegemei bosi wako peke yake.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kuishia HR. Malalamiko ya mishahara isiyolipwa au mkataba usiotolewa unaweza kuyapeleka kwa afisa kazi wa eneo lako. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya rushwa ya 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Unyanyasaji wa kingono ni jinai, nenda dawati la jinsia la polisi. Kwa walio Kenya, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, kwa hiyo anza kwa kuidai sera hiyo.

*Muda na gharama.* Ndani ya kampuni, wiki mbili hadi miezi miwili ni kawaida. Likishindikana na likiwa ni jambo la kisheria, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala na kuhifadhi uthibitisho kuwa ameipokea, kisha unaiwasilisha. Muda ni mfupi: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine tangu ulipozuka. Ukichelewa kuna Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, na lazima ueleze kila siku uliyochelewa. “Sikujua sheria” huwa haipiti. Usuluhishi una siku 30, usipofanikiwa shauri linakwenda kwenye uamuzi. Unaweza kujiwakilisha, kuwakilishwa na chama au na wakili. Wakili ndiye gharama kubwa.

*Ushahidi.* Mwingi. Hapa daftari, ujumbe wa kuthibitisha maagizo na skrinishoti zenye tarehe ndivyo vinavyobeba barua.

*Inapoharibika.* Sababu ya kwanza ni lugha. “Ana roho mbaya” haichunguziki. “Tarehe 4 saa tano asubuhi aliniita mbwa mbele ya fulani na fulani” inachunguzika. Sababu ya pili ni mashahidi waliohesabiwa bila kuulizwa: wenzako waliokuunga mkono kwenye kundi la WhatsApp watakumbuka ada za shule siku ya kikao. Muulize kila mmoja kabla hujaandika jina lake. Sababu ya tatu ni kampuni ambayo bosi ndiye mwenye mali na HR ni shemeji yake. Pale barua haitabadilisha chochote, ila haipotei bure, na sababu yake iko kwenye njia inayofuata.

Ukishalalamika, nidhamu yako iwe safi kupita kawaida. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana kunaweza kukufukuzisha, na kuchelewa kulikokuwa kunavumiliwa kutaanza kuandikwa. Ukiitwa kikao cha nidhamu, dai tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa. Kanuni zinataka usipungue saa 48.

*Inamfaa* anayevunjiwa haki iliyoandikwa, aliye katika kampuni yenye ngazi, na mwenye zaidi ya miezi sita kazini. Aliye chini ya miezi sita hana kinga ya kawaida dhidi ya kuachishwa isivyo halali, na hilo libaki kichwani kabla ya kugonga muhuri.

Njia ya nne: kuondoka

*Inavyofanyika.* Kuna kuhama ndani na kuacha kabisa. Kuhama kitengo au tawi hubakiza miaka yako ya utumishi na michango yako bila kukatika, kwa hiyo kuulizie kwanza. Kwa kuacha, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi, baada ya mwezi wa kwanza wa kazi. Wengi hupanga kuitumia likizo kama notisi, sheria hairuhusu viwili hivyo vitembee pamoja. Siku za likizo ulizolimbikiza unalipwa. Ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata fedha hiyo kwenye stahiki zako. Dai pia cheti cha utumishi, ni haki yako hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Mwenye mkataba wa muda maalumu asome kifungu cha kuuvunja kabla hajaandika chochote.

*Muda na gharama.* Haraka kwa kalenda, ghali kwa mfuko. Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, hulipwa mwajiri anapokuachisha, si unapoacha mwenyewe. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 650,000 na kazi ya siku sita kwa wiki, siku moja ni kama shilingi 25,000. Miaka mitano ni shilingi 875,000 ambazo anayejiuzulu haondoki nazo. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara haufi na ajira, na bima ya afya iliyolipiwa na mwajiri inaweza kukatika mwezi huohuo. Akiba ya miezi mitatu ya matumizi ni kiwango cha chini, sita kama una mkopo.

*Ushahidi.* Hauhitajiki kwa kuacha tu. Lakini sheria inatambua kwamba mtu anaweza kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, na hapo kujiuzulu kukahesabiwa kuwa ameachishwa. Kanuni za 2007 zinataka awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Ndiyo maana nakala yenye muhuri ina thamani hata pale ilipopuuzwa.

*Inapoharibika.* Kwenye barua yenyewe. Mtu aliyeteswa miaka miwili anaandika “nimeamua kwa hiari yangu, nashukuru kwa ushirikiano”, kwa adabu tu, kisha anakwenda CMA kusema alilazimishwa. Barua yake inamkana. Kama unaondoka kwa amani, shukuru. Kama umelazimika, taja matukio na tarehe ya lalamiko lako, halafu hesabu siku 30. Jihadhari pia na hati ya “makubaliano ya pamoja” unayowekewa mezani na kalamu juu yake: ukishasaini, madai yako mengi yamezikwa. Omba siku mbili za kuisoma.

*Inamfaa* mwenye kazi nyingine mkononi iliyoandikwa, si ya ahadi ya simu; mwenye akiba; na yule ambaye afya yake haisubiri, hata kama hana vyote viwili.

Kwa hali yako

Una bosi mpya, mna miezi miwili pamoja: njia ya kwanza, na ya pili ikibidi. Bado hamjajuana, na kinga yako kisheria ni ndogo kama nawe ni mgeni.

Una miaka mingi, bosi amebadilika ghafla: anza na ya pili. Mabadiliko ya ghafla mara nyingi yana chanzo juu yake au nyumbani kwake, na mazungumzo yatakuonyesha.

Bosi ndiye mwenye duka, kiwanda au shule: ya kwanza huku unatafuta kazi kwingine. Haki zako za fedha zikikiukwa, barua moja yenye uthibitisho wa kupokelewa, kisha afisa kazi au CMA.

Unatukanwa au kubaguliwa katika kampuni kubwa: daftari wiki mbili, barua, chama. Usikae mwaka mzima ukikusanya matukio, siku 60 zinakwenda.

Kuna mwili wako au jinai ndani yake: ruka mbili za mwanzo. TAKUKURU au polisi, na HR wapewe taarifa baada ya hapo.

Una mkopo mkubwa na watoto shuleni, na huna kazi nyingine: usijiuzulu kwa hasira ya Ijumaa. Omba uhamisho wa ndani kwa maandishi, tuma maombi ya kazi nje ya saa za ofisi, na weka tarehe ya mwisho uliyoichagua mwenyewe.

Umeshaachishwa: acha kumfikiria bosi. Chukua barua ya kuachishwa, hesabu siku 30 kuanzia tarehe iliyoandikwa, na ujaze Fomu Na. 1 wiki hii.